Huyu Anafanya Kazi Gani?



Barua ya mwaliko imeniita “mdau wa filamu”. Nashukuru kwa kupandishwa cheo, lakini mimi ni mtazamaji tu, wa wale wanaokaa mbele ya televisheni wakishakula na kusinzia kabla mambo hayajaisha. Sijasomea uongozaji, na majina ya walioshika kamera huwa yananipita kasi kuliko macho yangu. Msitarajie nadharia. Nitasema yanayonipendeza na yanayonichosha, na nitajitahidi kueleza kwa nini.

Kipimo changu ni kimoja, na nimekirithi kwa wakubwa. Katika nyumba nyingi za kwetu, picha ikishaanza, wengine wakiwa wanasifia gauni la fulani, hakosi bibi au shangazi mmoja wa kuuliza: “Huyu anafanya kazi gani?” Watoto humnyamazisha: tulia bibi, utaona. Bibi anatulia, anasubiri, haoni kitu. Mtu ana magari mawili, ana mke na hawara, amekwenda Dubai na kurudi, amefumaniwa, ametubu, picha imeisha, na kazi yake hatuijui. Kwangu mimi hakuna swali zito la kuuliza mbele ya skrini kuliko hilo la bibi. Filamu nyingi ninazozikumbuka bado zimelijibu, na nyingi nilizozisahau zimelikwepa.

Nianze na za nyumbani, maana ndizo zinazonipandisha presha. Mnaijua picha hii hata kama hamkumbuki jina lake. Honi inalia nje. Mlinzi anafungua geti, bawa moja, halafu la pili. Gari linaingia taratibu, linaegeshwa, linazimwa. Mlango unafunguka, tunaonyeshwa kiatu kabla ya mtu. Mtu mwenyewe anatembea mpaka barazani, anabonyeza kengele. Dada wa kazi anafungua. “Karibu.” “Ahsante, bosi wako yupo?” “Yupo, karibu ukae.” Mgeni anazama kwenye kochi. Dada anarudi na trei, juu yake glasi ya juisi. Juisi inawekwa mezani na hainywewi. Hapo ndipo mazungumzo yanaanza, na ukiangalia saa, umeshaliwa dakika zako nne au tano.

Msidhani nawadharau Bongo Movie. Nilikuwa miongoni mwa watu waliosimama na kuacha walichokuwa wakifanya Aprili 2012, habari za kifo cha mwigizaji Steven Kanumba zilipoenea mitaani asubuhi ile. Kijana wa miaka 28 alikuwa amewafanya watu wa Mwanza, Bujumbura na Lubumbashi wamlilie kama ndugu. Hilo si jambo dogo. Tena sebule ile, kochi lile na geti lile vina sababu, na sababu yenyewe ni hela. Msambazaji alikuwa akiinunua filamu kwa bei ya mkupuo, basi, hata ikiuza vipi mwenye nayo haongezwi. Ndiyo maana hadithi moja ilikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na ya pili, ili diski ziuzwe mara mbili. Filamu ilibidi ipigwe kwa siku chache, kwa watu wachache, mahali pasipodai malipo. Kiwandani utaombwa kibali. Benki hawatakuruhusu. Hospitali watakuzungusha. Rafiki mwenye nyumba nzuri anakupa sebule kwa siku mbili na unamshukuru mwishoni kwa maandishi. Kwa hiyo tajiri wa Bongo Movie hana ofisi kwa sababu mtayarishaji hana hela ya kuikodi, na mwigizaji anayemwigiza tajiri huyo anarudi kwake kwa daladala, suti ya kuazima ikiwa imekunjwa mfukoni. Hiyo peke yake ingetosha kuwa filamu. Sijawahi kuiona.

Lakini rudini kwenye ile trei ya juisi. Katika nyumba ile kubwa, watu wawili tu tunawaona wakifanya kazi: aliyefungua geti na aliyeleta juisi. Wengine wote wanalia, wanasengenya, wanapigana vibao. Na hao wawili ndio wasio na jina. Mlinzi ni “we mlinzi”, dada ni “we dada”, akipewa nafasi zaidi basi ni ya kuchekesha au ya kulala na bosi.

Wakenya waliliona hilo mapema, nami nawavulia kofia. Papa Shirandula, kipindi cha Citizen TV, kilimchukua mlinzi yuleyule wa getini kikamweka katikati ya hadithi. Papa, aliyechezwa na Charles Bukeko, ni bawabu anayemdanganya mkewe Wilbroda kwamba ana kazi ya ofisini. Anatoka nyumbani amevaa kama bosi, akifika kazini anavaa sare. Uongo wote wa kipindi, na kicheko chote, vimening'inia kwenye swali la bibi. Mke hajui mumewe anafanya kazi gani! Bukeko alifariki Julai 2020, na nadhani kilichowafanya watu wamlilie ni kwamba kila mtaa unamjua mtu anayetoka amevaa tai na kurudi amevaa tai, na katikati hapo hakuna ajuaye. Auntie Boss nayo iliwachukua wasichana wa kazi wa mtaa wa kitajiri ikawapa majina, hasira na maoni yao juu ya waajiri. Sikuipenda kila sehemu. Kuna siku walipiga kelele kupita kiasi. Lakini pale jikoni waliposimama kumsema mwenye nyumba, nilijua wanamsema nani.

Vijana mnaniangalia kana kwamba nataka filamu ziwe semina za ujasiriamali. Hapana. Hebu niwapeleke nyuma, enzi za sinema. Bara televisheni ilikuja mwaka 1994. Unguja walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, na Wazanzibari mliomo humu mnaweza kuendelea kucheka. Sisi wengine tulilelewa na wazee waliopanga foleni Empire na Avalon pale Dar es Salaam, au Majestic kule Vuga, Unguja, na picha walizozisimulia mpaka tukazijua kabla ya kuziona zilikuwa za Kihindi. Watu husema picha za Kihindi ni nyimbo na kuzunguka miti. Wanaosema hivyo hawakumwangalia Amitabh Bachchan vizuri.

Chukueni Deewaar ya 1975. Mvulana anang'arisha viatu barabarani Bombay. Akishamaliza, anatupiwa hela chini. Haiokoti. Anasema yeye anang'arisha viatu, haombi, ujira wake apewe mkononi. Na inaokotwa, anapewa mkononi. Miaka inapita, mvulana yule ni kuli wa bandarini, na kila siku ya malipo wahuni wanapita kukusanya chao kutoka kwa makuli. Anakataa kutoa. Anawafuata wahuni ghalani kwao, anafunga mlango kwa ndani, na mnajua yaliyofuata. Baadaye mfanya magendo mkubwa anamrushia noti mezani, naye anamkumbusha kwamba hata leo haokoti hela za kutupiwa. Hapo ndipo tajiri huyo, aliyekuwapo siku ile, anapogundua kwamba huyu ni yule mtoto wa viatu.

Angalieni jinsi kazi ilivyobeba hadithi nzima. Mtoto yule hakupewa hotuba ya heshima. Alipewa brashi, kiatu na sarafu ardhini. Kibati chake cha ukuli kina namba 786, ile inayosimama badala ya Bismillahi, na siku moja kinazuia risasi. Kwa mtazamaji wa pwani, ambaye ameiona namba hiyohiyo imebandikwa juu ya milango ya maduka na vioo vya magari, hapakuhitajika mkalimani. Mwaka 1983 ikaja Coolie, Amitabh akiwa hamali wa stesheni ya treni, na kibati kina 786 tena. Humo mna kitu ambacho sijakiona kwingine: katikati ya pambano picha inaganda, maandishi yanatokea kutujulisha kwamba hapa ndipo mwigizaji alipoumia kweli. Aliumia tumboni mwaka 1982 akipiga picha hiyo huko Bangalore, akalazwa akiwa karibu kufa, India nzima ikamwombea. Mtu anaigiza hamali, anaumia kazini, na filamu inasimama kidogo kumwonyesha. Mpaka leo sijui kama lile lilikuwa tangazo la biashara au heshima. Labda vyote viwili.

Na vibanda umiza vya video? Tuliokaa kwenye mabenchi yale, joto limetushika, steringi akipigana, huku sauti ya mtafsiri wetu Lufufu ikitufasiria kwa Kiswahili chake cha mbwembwe, tulidhani tunaangalia mateke tu. Lakini The Big Boss ya Bruce Lee, ya mwaka 1971, ni filamu ya kiwandani. Kijana amehamia Thailand kwa ndugu zake, anaingia kazi kwenye kiwanda cha barafu. Jiwe la barafu linapasuka, ndani mna pakiti za dawa za kulevya. Waliouona mzigo wanaahidiwa hela, wanakataa, wanapotea. Wenzao wanapouliza na kugoma, unajua tajiri anamfanya nini Bruce Lee? Anampandisha cheo. Anamfanya nyapara, anamnywesha pombe, na wenzake wanaanza kumwangalia kwa jicho la pembeni. Mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye mgomo anaijua njama hiyo. Mateke yanakuja baadaye na ni mazuri, lakini yana uzito kwa sababu tunajua ni ya nani na anawapigania kina nani. Steringi hafi, tulikuwa tukisema, na ndugu zake wote walikuwa wameshakufa.

Najua pingamizi, tena ni la haki. Mama aliyesimama tangu alfajiri akikaanga vitumbua hataki jioni kuonyeshwa mwingine anakaanga vitumbua. Anataka jumba, anataka mavazi. Apewe. Mimi mwenyewe huangalia tamthilia za masultani wa Kituruki kwa ajili ya mavazi na fitina, na sijawahi kuuliza kodi ya dola ilikusanywaje. Lakini ndoto nayo inahitaji mahali pa kuanzia. Wakenya wengi wanakumbuka Cuando Seas Mía, tamthilia ya Meksiko iliyowashika miaka ya 2000, ya Paloma na Diego. Paloma ni mchuma kahawa. Anakuja shambani kila msimu, anampenda mrithi wa shamba, anahangaika, anapanda mpaka ofisi za biashara ya kahawa hiyohiyo. Ni ndoto tupu, tena ya sukari nyingi. Ila ilikuwa ikiangaliwa katika nchi ambayo mlimani kwake watu wanachuma kahawa na kulipwa kwa debe, na waliokuwa wakimlilia Paloma walijua mgongo unavyouma jioni. Isidingo ya Afrika Kusini, iliyoangaliwa hapa kwetu kupitia ITV, ilianza mwaka 1998 kama hadithi ya mji wa mgodi wa dhahabu. Fitina zake zote zilipendeza kwa sababu chini yake palikuwa na shimo na watu ndani ya shimo. Kadiri mgodi ulivyosahaulika na hadithi kuhamia kwenye vyumba vya mikutano, ndivyo nilivyoanza kusinzia.

Ninachokipinga mimi ni “kampuni”. Mmeisikia hiyo kampuni. Iko kwenye tamthilia za Ufilipino, za Uturuki, na sasa za kwetu. Baba anataka kumrithisha kampuni mtoto wa kwanza, mtoto wa pili anataka kuipindua kampuni, mama wa kambo anaghushi saini apate kampuni. Inatengeneza nini? Biskuti? Nondo? Hakuna ajuaye, na ukiuliza unaambiwa hisa. Msimu wa tatu kampuni inafilisika na hatujaona bidhaa yake hata moja.

Kuna aina moja ya picha ambayo wasomi wanaidharau, na mimi naitetea kwa nguvu, nayo ni picha za uchawi na majini. Wasomi wanasema zinaturudisha nyuma. Inawezekana. Lakini ndizo pekee zinazouliza hela imetoka wapi na kukaa na jibu mpaka mwisho. Living in Bondage, ile ya Nigeria ya 1992 ambayo wengi wanaianzia historia ya Nollywood, inamhusu Andy, kijana wa Lagos anayeona wenzake wanatajirika naye hasongi mbele. Anaingizwa kwenye kundi la siri, anaambiwa bei ya utajiri: amtoe mkewe. Anamtoa. Hela inakuja, na mke naye anakuja, kila anapofumba macho. Kichekeni kizimu hicho mkitaka, lakini swali lake ni la hesabu safi: mtu aliyekuwa hana kitu jana, leo ana gari, nani amelipa? Filamu zetu za sebuleni zinamwonyesha mtu huyohuyo na gari hilohilo na haziulizi. Kanumba alipomleta Ramsey Nouah wakafanya Devil Kingdom mwaka 2011, alikuwa anaingia kwenye hofu hiyohiyo ya mali isiyo na maelezo, na mitaani watu walibishana kuhusu Freemason wiki nzima. Walikuwa wanabishana kuhusu uchumi, ila hakuna aliyewapa lugha nyingine ya kubishana.

Sasa nifike kwa filamu ninayoipenda kuliko zote za ukanda huu. Nairobi Half Life ilitoka mwaka 2012, ikiongozwa na David “Tosh” Gitonga. Mwas, aliyechezwa na Joseph Wairimu, yuko kijijini anauza diski za filamu za Kizungu. Hauzi kwa kunyamaza: anaziigiza, anatoa milio ya bunduki, anawaka, wateja wanacheka. Anataka kuwa mwigizaji, anashuka Nairobi, na siku hiyohiyo ya kwanza anaibiwa kila kitu na kutiwa ndani. Mahabusu anapewa choo akisafishe. Na anakisafisha! Hapo nilijua niko mikononi mwa mtu anayejua anachofanya. Choo kile ni kichafu kweli, kamera haikwepi, na Mwas anageuza kazi ile kuwa mchezo mpaka jambazi aliye ndani anamwona ni mtu wa maana. Kazi ya choo ndiyo inayompatia kazi ya wizi.

Na wizi wenyewe unaonyeshwa kama ufundi. Wanaanza na vioo vya pembeni na taa za magari, vitu vinavyong'oka haraka na kuuzika haraka kwa mwenye duka la spea. Kila mtu ana bei. Mwenye duka anawapunja, nao wanajua wanapunjwa, mpaka mmoja wao anaona ni heri waibe gari zima. Mnaona jinsi dhambi inavyopanda ngazi? Haipandishwi na shetani, inapandishwa na bei ya spea. Wakati huohuo Mwas amepata nafasi kwenye mchezo wa jukwaani, na mchana anajifunza kuigiza mwizi mbele ya watu waliovaa vizuri ilhali usiku ni mwizi. Kazi mbili, mtu mmoja, na halali ndiyo isiyomlisha. Sitawaambia inavyoisha. Ambao hamjaiona mmebahatika.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, ninaiheshimu zaidi kuliko ninavyoipenda. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi, Zanzibar ya miaka ya hamsini, Yasmin, aliyeozwa kwa mume mzee, anamkimbia na kukutana na Denge anayepingana na Waingereza. Ni nzuri ajabu kwa macho. Kila kivuli kimewekwa mahali pake, moshi wa sigara nao umefundishwa kutembea. Lakini msichana anayemkimbia mume enzi zile anakimbia pia chungu, na mimi ningependa kukaa zaidi Ng'ambo nyumbani kwa Mwajuma, rafiki aliyempokea, nijue mchele wa kesho unatoka wapi. Riwaya ina nafasi ya mambo hayo. Filamu iliona haya kuuliza.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi niseme ninachokitaka, maana mlaji naye ana haki ya kuagiza. Nataka picha ya dereva wa bodaboda aliyechukua pikipiki kwa mkataba. Kila jioni lazima apeleke hesabu kwa tajiri, mvua ikinyesha au isinyeshe, na siku akikamilisha malipo chombo ni chake. Mkewe anauza mboga gengeni na amekopa kausha damu bila kumwambia. Rejesho ni kila wiki, na wanawake wenzake wa kikundi ndio wadhamini. Hapo pana mapenzi, siri, mbio za barabarani, adui, hata kicheko. Mahali pa kupigia hapadai kibali kikubwa: barabara, genge, chumba kimoja na varanda. Mtayarishaji yeyote aliyemo humu anaweza kulichukua wazo bure. Sharti langu ni dogo. Akiandika kwamba rejesho ni Ijumaa, basi Ijumaa ifike tuione, na tumwone yule mama anazihesabu noti, zikapungua, na wenzake wanne wamekaa kwenye mkeka wanamtazama.